Fomula ya Sabuni ya Zeituni Hutungwa, Haiazimwi

Mabibi na mabwana, wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie sabuni ya mafuta ya zeituni inayotengenezwa nyumbani, na naona wengi wenu mmekuja na daftari na kalamu, mkingoja niwasomee vipimo mviandike kisha kila mmoja ashike njia yake. Vipimo nitawapa. Ila sivitoi sasa hivi, kwa sababu nataka vikifika kwenu viwakute mnaweza kuvitunga wenyewe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wazee mnisamehe, si mimi niliyeutunga msemo huo. Fomula ya sabuni ya kuazima ni hivyo hivyo: inakusitiri mpaka siku uliyobadilisha mafuta, au kostiki yako imevuta unyevu, au umepima kwa kikombe wakati mwenye fomula alipima kwa mizani. Siku hiyo unabaki umeshika kipande kinachochoma ngozi na hujui kosa liko wapi.

Tuanze na kinachotokea ndani ya chombo, maana hesabu yote inatoka humo. Molekuli ya mafuta ni gliserini moja iliyobeba asidi tatu za mafuta. Kostiki soda, yaani hidroksidi ya sodiamu, ikikutana nayo huzing'oa zile asidi moja baada ya nyingine. Kila asidi iliyong'oka hushikana na sodiamu ikawa sabuni, na gliserini hubaki huru humo humo ndani ya kipande. Kilo moja ya mafuta ikigeuka yote, hutoa gliserini ya takriban gramu 100. Viwanda vingi huichuja na kuiuza kando. Sisi wa nyumbani tunaiacha ilipo, na hiyo ni sababu mojawapo ya sabuni zetu kuwa na hisia tofauti mkononi.

Watu walipika sabuni kwa maelfu ya miaka bila kuyajua haya. Aliyeyafafanua kwa majaribio ni mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1823. Bwana huyu alizaliwa 1786 na kufariki 1889, kwa hiyo alipata muda wa kutosha wa kuona wengine wakitajirika kwa hesabu yake.

Kuna swali ambalo huulizwa kila ninapozungumza, basi nilijibu kabla halijaja: je, naweza kutengeneza sabuni bila kostiki? Huwezi. Magadi hayatoshi, na baking soda haitoshi, kwa sababu nguvu yake ni ndogo mno kuyavunja mafuta kwa njia hii ya nyumbani. Wanaouza vibonge vya sabuni vya kuyeyusha na kumimina wanasema hakuna kostiki, na ni kweli wewe hutaigusa, lakini yupo mtu aliyeigusa kwa niaba yako. Jambo la kuelewa ni kwamba kostiki huisha. Ukiipima sawasawa inageuka yote kuwa sabuni. Kazi ya fomula, kabla hatujafika kwenye povu na harufu, ni kuhakikisha inaisha.

Sasa hesabu. Kila mafuta yana namba yake: gramu za kostiki soda zinazohitajika kugeuza gramu moja ya mafuta hayo kuwa sabuni. Zeituni ni 0.135. Nazi ni 0.183. Nyonyo, ambayo wengine mnaiita mbarika, ni 0.128. Mawese ni 0.142. Ukikuta mahali zeituni imeandikwa 190, usishtuke. Hizo ni miligramu za kostiki potasi, ile ya sabuni ya maji, kwa gramu moja ya mafuta. Gawanya kwa 1403 na utarudi kwenye 0.135.

Chukueni kilo moja ya zeituni. Gramu 1000 mara 0.135 ni gramu 135 za kostiki. Ukiziweka zote 135, kwa mujibu wa karatasi hakuna tone la mafuta litakalobaki. Hatufanyi hivyo. Tunapunguza kostiki kwa asilimia 5, tunashika gramu 128, na mafuta kidogo yanabaki bila kugeuka. Wengi wataeleza kwamba mafuta hayo ya ziada ni ya kulainisha ngozi. Yanasaidia, sikatai, lakini mimi nayaona zaidi kama kinga dhidi ya kutojua kwetu, na nitawaonyesha kwa nini.

Ile 0.135 ni wastani. Zeituni ni tunda la mti, na mafuta yake hubadilika kwa aina ya mti, hali ya hewa na wakati wa kuvuna. Viwango vya kimataifa vya mafuta haya vinakubali namba hiyo iwe, tukiigeuza kwa kostiki soda, popote kati ya 0.131 na 0.140. Pigeni hesabu pamoja nami. Umeweka gramu 128 kwa kilo. Mafuta yako yakiwa ya 0.131, ziada yako halisi ni asilimia 2 na kidogo. Yakiwa ya 0.140, ziada imepita asilimia 8. Daftari lako linasema 5 pande zote mbili. Kwa hiyo mtu anayejigamba kwamba sabuni yake ina ziada ya asilimia 1 kamili anajigamba kwa kitu ambacho hana njia ya kukijua, na mafuta yakimwendea upande wa chini, kostiki itabaki. Asilimia 5 inakulinda hata kwenye mafuta ya namba ya chini kabisa. Ukivuka sana hapo, tuseme 10, unaingia tatizo lingine la sabuni laini, yenye povu hafifu, inayoharibika mapema.

Halafu kuna lita. Naomba hapa mnisikilize kwa makini, kwa sababu chupa za mafuta huandikwa kwa lita na fomula huandikwa kwa gramu. Lita moja ya zeituni haina kilo moja. Ina gramu kama 915. Mtu akimimina chupa ya lita moja akidhani amepata gramu 1000, kisha akaweka zile gramu 128 za kostiki, ameharibu. Gramu 915 mara 0.135 ni 123.5, na hapo hakuna ziada yoyote. Amezidisha kostiki kwa gramu nne na nusu, na sabuni hiyo itachoma. Hakukosea kusoma wala kukoroga, amekosea kuamini kwamba lita na kilo ni ndugu. Kila kitu kiwekwe kwenye mizani, na maji pia.

Mizani nayo ina mipaka yake. Mizani ya kawaida ya jikoni husoma gramu moja moja. Ukitaka kujaribu na gramu 100 tu za mafuta ili usipoteze vitu, utahitaji kostiki ya gramu 13, na gramu moja ya makosa hapo ni zaidi ya asilimia 7. Imekula ziada yako yote na kupita. Ukitengeneza na gramu 500, kostiki ni 64, na kosa lile lile linashuka hadi asilimia 1 na nusu. Ndiyo maana siwashauri majaribio ya chini ya nusu kilo, labda uwe na mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Jambo la mwisho la hesabu ni usafi wa kostiki yenyewe. Kopo likiandikwa 97, maana yake katika kila gramu 100 kuna gramu 97 za kazi. Gawanya kipimo chako kwa 0.97. Ile 128 inakuwa 132. Kopo lililokaa wazi huvuta unyevu na hewa ya kaboni na kudhoofika, na hakuna lebo itakayokuambia limedhoofika kiasi gani. Likishaganda mabonge, litumie kuzibua mabomba ya sinki, usilitumie kwenye sabuni.

Sasa tumefika kwenye utunzi wenyewe. Kwa nini mtu achague zeituni, na kwa nini wakati mwingine aichanganye?

Ndani ya zeituni asidi iliyotawala ni ya oleiki, kati ya asilimia 55 na 83. Asidi hii ina kiungo maradufu kimoja ambacho huipinda katikati, kwa hiyo molekuli zake hazipangiki zikabanana vizuri. Kutokana na umbo hilo tu mnaweza kukisia tabia zote za sabuni yake. Kipande hutoka kikiwa laini na huchukua muda mrefu kuwa kigumu. Mkononi ni mpole, hakikwangui mafuta ya mwili. Povu lake ni dogo, la chembe ndogo ndogo. Na kikilowa hunywa maji, kikafunikwa na ute unaonyumbuka ukiuvuta kwa kidole. Ute huo ndio lalamiko kubwa dhidi ya zeituni tupu. Wapo wasioujali, na wapo wanaotupa kipande kizima wakidhani kimeoza.

Nazi ni kinyume chake. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, fupi, ya kaboni 12, iliyonyooka bila kona. Sabuni yake ni ngumu hata kisu kinalalamika, na povu lake ni kubwa na la haraka, hata kwenye maji ya chumvi. Lakini ugumu wa kisu si uimara wa bafuni. Sabuni ya nazi ni ngumu na bado huisha haraka, kwa sababu chumvi za lauriki huyeyuka upesi majini. Na kile kinachoifanya iondoe uchafu kwa nguvu ndicho kinachoifanya ikaushe ngozi. Kinachodumu bafuni ni asidi za palmitiki na steariki, zilizo nyingi kwenye mawese na siagi za mimea, na zeituni inazo kidogo tu.

Nyonyo ina asidi yake ya pekee, ya risinoleiki, ambayo peke yake haitoi povu la maana. Ila ukiiongeza kidogo kwenye mafuta mengine, povu lao hukaa muda mrefu zaidi. Asilimia 5 inatosha. Ukizidisha, sabuni hunata.

Kwa hiyo kabla ya kuandika gramu yoyote, jiulize sabuni hii ni ya nani. Ya ngozi kavu? Ya mikono inayotoka kwenye kazi ya mashine? Ya mtu anayepima sabuni kwa povu na hatakusikiliza ukimweleza habari za oleiki? Jibu hilo ndilo fomula. Gramu zinakuja nyuma yake.

Andikeni sasa. Ya kwanza ni zeituni tupu: mafuta gramu 1000, kostiki gramu 128, maji gramu 192. Hii ni ya mwenye subira na mwenye ngozi inayolalamika.

Ya pili ni ya nyumba nzima: zeituni gramu 700, nazi 250, nyonyo 50. Zeituni inataka kostiki 94.5, nazi inataka 45.75, nyonyo 6.4. Jumla ni 146.65, toa asilimia 5, unabaki na gramu 139. Maji gramu 278. Angalieni kwamba mafuta ni kilo moja kama mwanzo lakini kostiki imepanda kutoka 128 hadi 139, kwa sababu nazi ni mlaji mkubwa. Mtu akibadilishana mafuta gramu kwa gramu bila kurudia hesabu, ndipo mambo huharibika. Akiondoa nazi akaweka zeituni mahali pake huku kostiki ikibaki 139, amezidisha.

Ya tatu iko katikati: zeituni 850, nazi 100, nyonyo 50, ziada asilimia 5. Kostiki nawaachia mpige wenyewe. Mkipata gramu 132 mmepatia. Binafsi, kama ningelazimishwa kubaki na moja tu, ningebaki na hii. Ina povu la kumridhisha mgeni na upole unaokaribia ule wa zeituni tupu.

Mmeona kwamba maji yametofautiana: kwenye ya kwanza ni mara moja na nusu ya kostiki, kwenye ya pili ni mara mbili. Maji hayageuki kuwa sabuni. Kazi yake ni kuibeba kostiki hadi kwenye mafuta, kisha yaondoke. Fomula nyingi za zamani huweka maji ya asilimia 38 ya mafuta, yaani gramu 380 kwa kilo. Kwa zeituni hiyo ni balaa. Utakoroga mpaka uchoke, sabuni itakaa kwenye kalibu siku nyingi ikiwa laini, na itakapokauka itanyauka na kupinda. Kwa maji machache zeituni inashika haraka na kutoka kwenye kalibu ikiwa na umbo. Kwa mchanganyiko wenye nazi nyingi, ambao hushika wenyewe upesi, maji mara mbili yanakupa nafasi ya kupumua. Usishuke chini ya uzito sawa wa maji na kostiki, maana chini ya hapo kostiki haiyeyuki yote.

Kuhusu usalama sitakuwa mpole. Kostiki ni ya kumwagwa ndani ya maji, kidogo kidogo ukikoroga. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu yatachemka ghafla na kukurukia. Maji ya baridi yakipokea kostiki hupanda hadi nyuzi 80 au 90 za Selsiasi kwa muda mfupi, na mvuke wake hukereketa koo, kwa hiyo fanya mahali penye hewa. Miwani ya kinga ivaliwe tangu unapofungua kopo mpaka unapomaliza kuosha vyombo, na glavu pamoja na mikono mirefu vivyo hivyo. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au plastiki nene inayostahimili joto. Kioo huliwa polepole na kostiki na siku moja hupasuka mkononi, na alumini huunguruma na kutoa hewa ya hidrojeni inayowaka. Sufuria nyingi nyepesi ni za alumini, zichunguzeni kabla.

Ikikurukia ngozini, maji ya bomba yanayotiririka, mengi, kwa muda mrefu. Watu wanafundishana siki. Achaneni nayo. Siki ikipambana na kostiki juu ya ngozi inatoa joto juu ya jeraha, na muda unaotafuta chupa ya siki ni muda kostiki inaendelea kula. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji yasiyopungua dakika 15 kisha moja kwa moja hospitali, hata kama maumivu yametulia. Na watoto wasiwe chumbani humo. Maji ya kostiki yaliyopoa yanafanana na maji ya kunywa, hayana rangi wala harufu.

Ukorogaji wenyewe si mkubwa. Acha maji ya kostiki na mafuta vyote vishuke hadi kama nyuzi 35 au 45, mimina kostiki kwenye mafuta, na tumia mashine ya kukorogea ya mkono kwa vipindi vifupi, ukipumzisha na kukoroga kwa mwiko katikati. Unatafuta hali ambayo uji ukiudondosha juu ya wenzake unaacha mstari unaoonekana kabla haujazama. Kwa mkono mtupu, zeituni inaweza kukuchukua saa nyingi kufika hapo. Mafuta ya makapi ya zeituni, yale yanayokamuliwa kutoka mabaki ya tunda kwa kemikali kisha kusafishwa, hushika haraka kuliko yale ya mkamuo wa kwanza.

Na hapo niseme wazi: mafuta ya mkamuo wa kwanza, yale ya bei juu, yaleni. Harufu yake ya tunda haivuki kostiki kwa kiasi kikubwa, rangi yake ya kijani hufifia kwa mwanga, na kilichokufanya uyalipie, yaani ladha, hakina kazi bafuni. Mafuta ya zeituni yaliyosafishwa yanatoa sabuni nzuri, nyeupe zaidi. Hofu yangu ni ile nyingine, mafuta yaliyoandikwa zeituni huku yamechanganywa na ya soya au alizeti. Namba zake za kostiki zinakaribiana mno na za zeituni, kwa hiyo hesabu yako haitayagundua na sabuni haitachoma. Utakuja kuyajua baada ya miezi, kipande kikianza madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, kwa sababu asidi ya linoleiki iliyojaa humo hushambuliwa na hewa haraka kuliko oleiki.

Madoa hayo yana njia nyingine za kuja: mafuta ya zamani, ziada kubwa mno, maji yenye chembe za chuma au shaba, au vipande kukaushwa juu ya waya unaoshika kutu. Maji yaliyochujwa na kusafishwa kwa mvuke ni kinga rahisi kuliko zote.

Mkishamimina kwenye kalibu, funikeni kwa nguo nene ili joto likae. Ndani ya siku moja au mbili sehemu kubwa ya kazi ya kikemia imekwisha. Zeituni tupu itataka siku kadhaa kabla ya kukatika vizuri, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya jikoni kwa kilo ya mafuta, kikiyeyushwa kwenye maji kabla ya kostiki, huipa ugumu wa mapema.

Kisha ndipo watu wengi wanaponikatia tamaa, nikiwaambia muda wa kukomaza. Mchanganyiko wa pili unataka wiki nne hadi sita. Zeituni tupu inataka miezi sita, na mwaka mmoja ni bora. Hii si kuisubiri kostiki iishe, imeisha zamani. Maji yanatoka taratibu, na wakati yanatoka chembe za sabuni zinajipanga upya kuwa fuwele zilizokaza. Kipande cha wiki sita cha zeituni kina ute na kinaisha upesi. Kipande kutoka kundi hilo hilo baada ya mwaka kina povu laini zaidi, na ute umepungua sana.

Waliotangulia walilijua hilo. Huko Nablus, Palestina, vipande vya sabuni ya zeituni hupangwa minara mirefu ya duara yenye matundu ili hewa ipite kati yake. Huko Aleppo, Syria, wanakochanganya zeituni na mafuta ya tunda la mlaureli, sabuni hukaa ghalani miezi mingi mpaka nje inageuka rangi ya dhahabu huku ndani ikibaki kijani. Ufundi wa miji hii miwili uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2024. Na Ufaransa, mwaka 1688, chini ya Mfalme Louis XIV, ilitolewa amri ya kuwakataza watengenezaji kutumia mafuta mengine yasiyo ya zeituni. Tusijidanganye lakini, wenzetu hao walichemsha sabuni zao katika mapipa makubwa. Yetu ni ya baridi, isiyochemshwa. Njia ni tofauti, ila tabia ya oleiki ni ile ile, nayo inadai muda kwa kila mtu.

Viungo vya kuongeza nitavipitia haraka, kwa sababu ndivyo vinavyopendwa na ndivyo visivyo na uzito. Mafuta ya manukato yasizidi asilimia 3 ya mafuta ya sabuni, na ya jamii ya machungwa hupotea mapema. Asali na sukari huongeza povu lakini hupandisha joto, kwa hiyo kijiko kimoja na usifunike kalibu. Rangi ya udongo ni salama na haififii. Maua makavu yaliyobandikwa juu hugeuka kahawia, yakafanana na uchafu.

Cha maana kuliko vyote hivyo ni asidi ya sitriki, kwa wenye maji magumu, yale yanayoacha utando mweupe bafuni. Gramu 10 kwa kilo ya mafuta zinapunguza utando huo. Ila asidi hiyo inakula kostiki kabla ya mafuta kuigusa: gramu 10 za sitriki kavu zinameza gramu 6 na kidogo. Usipoongeza gramu hizo 6 kwenye kipimo chako, umeipandisha ziada ya mafuta bila kujua. Kiungo kimoja cha hiari, na tayari fomula yote imesogea.

Kupima kama sabuni iko salama: baada ya siku tatu au nne, lowesha kidole, sugua kipande, gusa ncha ya ulimi kidogo tu. Ikikupiga kama betri, kostiki imebaki. Isipokupiga, suuza mdomo, ni sabuni. Vipande vya karatasi vya kupimia asidi vitakusomea kati ya 9 na 10 kwenye kipimo cha pH, na hiyo ndiyo hali ya sabuni ya kweli. Kuna wanaotaka waishushe hadi 5.5 ili ilingane na ngozi. Ukiongeza asidi mpaka hapo, sabuni huvunjika na kurudi kuwa asidi za mafuta, utando unaoelea juu ya maji.

Na ikikupiga ulimi? Kama uliandika kila uzito, haijapotea. Rudini kwa yule wa lita moja: gramu 915 za mafuta, gramu 128 za kostiki. Kostiki hiyo, kwa ziada ya asilimia 5, ni ya mafuta gramu 1000. Anakosa gramu 85. Avae tena miwani na glavu, akwangue sabuni yake, aiweke kwenye chombo cha chuma kisichoshika kutu juu ya sufuria ya maji yanayochemka, aongeze gramu 85 za zeituni na maji kidogo, aikoroge kwa moto mdogo mpaka iwe uji mzito wa kung'aa, kisha aipime tena kwa ulimi ikishapoa. Itatoka na sura ya mabonge, lakini itaosha. Asiyeandika uzito wake hana hesabu ya kufanya hapo, huyo aitupe.

Hapa mezani nimeweka beseni la maji na vipande vya umri mbalimbali, vya zeituni tupu na vya mchanganyiko. Vile vyenye alama ya kisu ni vya nazi nyingi. Njooni mnawe mikono, kisha tuanze maswali.